'Monsoon' na 'msimu' ni ndugu wa toka nitoke. 'Monsuni' ametoka wapi?

MUULIZE mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya maana ya neno la Kiingereza 'monsoon', naye atakujibu bila kusita kwamba ni upepo. Amefunzwa hivyo katika somo la Historia: ndio upepo uliozisukuma jahazi za Waarabu hadi Lamu, Malindi na Mombasa. Muulize Mhindi wa Mumbai, atakwambia ni mvua. Mkazi wa Arizona, Marekani, atakutajia ngurumo, radi na vumbi la jangwani, tena atakupa na tarehe: tangu mwaka 2008, idara ya hali ya hewa ya huko huihesabu 'monsoon' kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Mwingereza wa London naye, akinyeshewa akiwa njiani kwenda kazini, mvua yoyote kubwa ataiita hivyo kwa mzaha. Sasa mwendee Mwarabu, mwenye neno lenyewe. Huyo atakushangaza, kwa maana kwake neno hilo si upepo wala si mvua.

Huenda msomaji wangu akauliza: Profesa, safu hii ni ya Kiswahili, mbona leo unatupeleka kwenye kamusi ya Kiingereza? Nina sababu. Neno hili lina ndugu yake katika Kiswahili, ndugu ambaye sisi humtaja kila siku bila kujua nasaba yake. Ndugu huyo ni 'msimu'. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikikutana na neno 'monsuni' katika tasnifu ninazozisahihisha, katika vitabu vilivyotafsiriwa na katika taarifa za habari. Ninadai kwamba neno hilo ni mgeni ambaye hatukumhitaji, na nitaeleza ni kwa nini.

Tuanze kwenye mzizi. Kiarabu huunda maneno yake kutokana na mizizi ya konsonanti, aghalabu tatu. Mzizi unaotuhusu hapa ni w-s-m, ambao maana yake ni kutia alama, hasa ile alama ya moto inayochomwa kwenye ngozi ya ngamia ili ijulikane ni wa nani. Wasomaji wangu wa Marsabit, Wajir na Mandera hawahitaji maelezo. Wao wanajua kwamba ngamia aliyepotea hutambulishwa na chapa ya ukoo, si kwa maneno mengi ya anayemdai. Kutokana na mzizi huo tunapata jina la kiume Wasim, yaani mtu mwenye sura nzuri, kana kwamba ametiwa alama ya uzuri. Tunapata pia 'wasmi', mvua ya kwanza baada ya joto kali la Arabuni, inayoitwa hivyo kwa kuwa huitia ardhi alama ya majani mabichi. Kisha tunapata 'mawsim'.

Ile 'ma-' iliyo mwanzoni si ya bure. Katika Kiarabu hudokeza mahali au wakati wa tendo. 'Masjid' ni mahali pa kusujudu. 'Mashriq' ni mahali jua linapochomoza na 'maghrib' ni linapotua. Basi 'mawsim' ni wakati uliotiwa alama: wakati maalumu unaojulikana na watu wote, unaopita na kurudi kila mwaka. Yaweza kuwa wakati wa mavuno. Yaweza kuwa wakati wa hija, au wakati wa gulio kubwa. Kule Morocco, sherehe za kila mwaka za makabila na za kuwakumbuka mawalii huitwa kwa neno hilo hilo hadi leo, na ile ya Imilchil katika milima ya Atlas inajulikana sana kwa sababu ya ndoa zinazofungwa pale. Hapo hakuna upepo, hakuna mvua. Kuna wakati tu.

Neno hili liliingiaje Kiswahili? Kwa njia ya kawaida kabisa, na inafaa tuitazame kwa sababu inaonyesha jinsi lugha yetu inavyomfunza mgeni adabu za nyumbani. Neno la Kiarabu linaloishia kwa konsonanti halikuachwa hivyo hivyo. Lilipewa irabu ya mwisho. Konsonanti hiyo ikiwa ni ya midomo, kama vile /b/ au /m/, irabu inayoongezwa huwa aghalabu ni /u/. 'Qalam' ikawa kalamu, 'adab' ikawa adabu, 'sabab' ikawa sababu, 'kitab' ikawa kitabu. 'Mawsim' nayo ikaongezewa /u/. Silabi ya kwanza ikafupika katika vinywa vya watu hata ikasikika kama 'mu-', na Mswahili akisikia 'mu-' mwanzoni mwa nomino, hana mjadala: hicho ni kiambishi cha ngeli. Neno likatiwa katika ngeli ya U-I pamoja na mti na mkate. Msimu umefika, misimu imefika. Mwarabu akisikia 'misimu' hawezi kuitambua, kwa sababu wingi wake yeye ni 'mawasim'.

Yaliyolipata neno 'masjid' ni hayo hayo. Likawa msikiti, na wingi misikiti. 'Mismar' likawa msumari, 'miswak' likawa mswaki. Yote yakapangwa mstari mmoja na mti na mkate, na leo hakuna anayeyatilia shaka.

Maana nayo haikupotea njiani. Tunasema msimu wa maembe, msimu wa upanzi, msimu wa ligi. Wanasiasa wana msimu wao pia, na unarudi kila baada ya miaka 5 kwa uhakika kuliko mvua. Hata sisi wanaisimujamii tumelitumia neno hilo, katika wingi wake, kuyaita maneno ya mtaani yanayozuka leo na kuchuja kesho: misimu. Jina hilo limefaa kweli, maana maneno hayo huja na wakati wake kama maembe. Katika matumizi yote haya, ile alama ya wakati unaojulikana bado imo. Ukienda mashariki zaidi utaikuta pia. Katika lugha ya Kimalei, 'musim' ni msimu, na watu wa huko husema 'musim durian' kwa namna ile ile tunavyosema msimu wa maembe. Waturuki wanasema 'mevsim'. Wahindi wanasema 'mausam', ila kwao maana imesogea kidogo na sasa ni hali ya hewa kwa jumla. Idara ya hali ya hewa ya India ina neno hilo katika jina lake rasmi la Kihindi.

Kiingereza kililipata neno kwa mzunguko mrefu zaidi. Waliolibeba kwanza ni Wareno, na walilibeba baada ya kuumia.

Vasco da Gama alifika Malindi Aprili mwaka 1498. Huko alipewa rubani aliyeijua bahari. Wapo wanaodai kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, yule bingwa wa elimu ya bahari kutoka Julfar, lakini wanahistoria wengi siku hizi wanalikataa dai hilo. La muhimu kwetu ni kwamba rubani aliujua wakati. Waling'oa nanga mwishoni mwa Aprili, upepo ukiwa umeanza kugeuka kuelekea India, nao wakaivuka bahari kwa muda usiofika mwezi mmoja. Wakati wa kurudi, da Gama aligombana na wenyeji wa Calicut akaondoka bila kuungoja upepo wake. Aliiacha pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba 1498, kabla kaskazi haijasimama, na hakuiona pwani ya Afrika, karibu na Mogadishu, hadi mwanzoni mwa Januari 1499. Karibu miezi 3! Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye. Waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote, kwa hivyo merikebu moja, São Rafael, ikatiwa moto kwenye pwani hii hii yetu.

Watu waliopata somo la namna hiyo hawalisahau, na jina la somo hulichukua kutoka kwa waliolijua kabla yao. Wareno walilisikia 'mawsim' katika bandari za Bahari ya Hindi wakalitamka kwa pua, kama ulivyo mtindo wa lugha yao, likawa 'monção'. Kwao lilimaanisha wakati unaofaa kusafiri kwa tanga. Maana hiyo ilikuwa na nguvu hivi kwamba waliivusha hadi Brazil, ambako katika karne ya 18 misafara ya mitumbwi iliyoondoka eneo la São Paulo kuelekea machimbo ya dhahabu ya Cuiabá iliitwa kwa neno hilo hilo. Misafara hiyo ilipita mitoni, katikati ya bara, mbali kabisa na pepo za Bahari ya Hindi. Lakini iliondoka kwa wakati maalumu wa mwaka, na hilo likatosha kuipa jina.

Kutoka kwa Wareno neno likapita kwa Waholanzi, na katika miaka ya 1580 likaanza kuonekana katika maandishi ya Waingereza. Kufikia hapo lilikuwa limeshaanza kubadilika. Baharia anayengoja wakati wa upepo haoni tofauti kubwa kati ya wakati na upepo wenyewe, kwa hivyo 'monsoon' ikawa jina la upepo. Mwaka 1686 Edmond Halley, yule ambaye nyota yenye mkia inaitwa kwa jina lake, alichapisha ramani ya pepo za bahari za tropiki na kujaribu kueleza kwa nini zile za Bahari ya Hindi hugeuka nusu mwaka huku na nusu mwaka kule. Jibu lake lilitaja joto la jua, na hakuwa mbali na ukweli. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari. Bara la Asia likipata joto kuanzia Mei, hewa yake hupanda juu na upepo huvutwa kutoka baharini kwenda kujaza nafasi. Bara hilo likipoa, mambo hugeuka.

Sasa hebu nikuonyeshe kwa nini neno moja ni upepo kwetu na mvua kwa Mhindi. Ni jambo ambalo kamusi hazilielezi, ingawa jawabu lake limo katika ramani.

Upepo wa kusi huanza kushika pwani yetu kati ya Aprili na Mei, ukitoka kusini-mashariki. Ukivuka ikweta, hupindishwa na mzunguko wa dunia, ukaelekea kaskazini-mashariki, Arabuni na India. Mwaka 1969 mtaalamu wa hali ya hewa John Findlater alionyesha kwamba sehemu kubwa ya hewa hiyo hupita kwa kasi kama mto mwembamba, si juu sana, kwenye nyanda za chini za mashariki ya Kenya na Somalia kabla ya kuingia baharini. Maana yake ni kwamba upepo unaopeperusha vumbi Garissa mwezi Julai ni sehemu ya upepo utakaomnyeshea mkulima wa India. Kwetu, sehemu kubwa ya nchi ni kavu miezi hiyo. Nairobi ni baridi na mawingu yasiyo na faida. Kerala, mvua hutarajiwa ifikapo Juni mosi, na India kwa jumla hupata zaidi ya asilimia 70 ya mvua yake ya mwaka kati ya Juni na Septemba. Mwingereza aliyetawala India alisikia jina la upepo, akaona mvua. Maana ikahama kutoka kwa aliyeleta hadi kwa kilicholetwa. Mmarekani wa Arizona alipolipokea neno, alilipokea likiwa limelowa tayari.

Matokeo yake ni kwamba Mwingereza leo husema 'monsoon season' bila kujua kwamba anasema 'msimu wa msimu'. Ni sawa na yule kwetu anayesema 'rudia tena'. Simlaumu, neno limesafiri mno hata mwenyewe hawezi kulijua.

Sisi je, pepo hizi tuliziitaje? Hapa ndipo ninapopenda kuwakumbusha wanafunzi wangu utajiri walio nao. Wa kwanza ni kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi. Huo ndio ulioleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India, yakiwa na tende, chumvi na mazulia. Wa pili ni kusi, nao uliyarudisha na shehena ya boriti za mikoko kutoka Lamu kwenda kujengea mapaa ya nyumba katika nchi zisizo na miti. Katikati yake ni tangambili, siku ambazo upepo haujaamua. Jina 'kusi' lina uhusiano na 'kaws', jina walilotumia mabaharia Waarabu kwa upepo wa kusini-magharibi.

Tazama sasa majina yetu ya pande 4 za dunia. Mashariki na magharibi tumeyatoa Kiarabu, nayo yanafuata jua. Kaskazini ni 'kaskazi' na kiambishi '-ni' cha mahali. Kusini ni 'kusi' na '-ni' hiyo hiyo. Yaani pande 2 tunazijua kwa jua na pande 2 tunazijua kwa upepo. Mwalimu wa shule ya msingi anayefunza dira darasani Kakamega au Nyeri anataja pepo za baharini kila siku bila kuziona.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, nilipokuwa nikikusanya data ya lahaja Lamu, nilimuuliza mzee mmoja mvuvi kaskazi huanza tarehe ngapi. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akaniambia, "wewe wauliza tarehe, mimi nakwambia upepo." Kisha akaanza kunihesabia kwa miongo, yaani kwa makumi ya siku tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa Waswahili. Nilikuja kuielewa hekima yake baadaye. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, na ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Ramadhani yaweza kuangukia kaskazi, na baada ya miaka michache ikaangukia kusi. Baharia hawezi kupanga safari kwa kalenda inayohama. Ndiyo maana watu wa pwani, ambao ibada zao zilifuata mwezi, kwa bahari walishika hesabu nyingine ya siku 365, ambayo jina la siku yake ya kwanza lilitoka Uajemi. Huo ulikuwa ujuzi kamili wa msimu, na mzee yule aliufahamu bila kuangalia karatasi.

Majahazi yale hayakuweza kuja na kurudi mwezi mmoja. Aliyeletwa na kaskazi alikaa akingoja kusi, na kukaa huko kulizaa urafiki, biashara ya mkopo, ndoa na watoto. Maneno mengi ya Kiarabu tuliyo nayo yaliingia kwa sababu watu walikuwa na miezi ya kuzungumza. 'Mawsim' lilikuwa mojawapo, na bila shaka lilitajwa kila siku: lini tunaondoka?

Sasa nirudi kwa 'monsuni'. Nawajua wanaoitetea, baadhi yao ni wenzangu wa miaka mingi, na hoja yao ina uzito. Wanasema 'msimu' limekuwa pana mno. Likitumika kwa ligi, maembe na siasa, litawezaje kuwa istilahi ya sayansi? Mwanasayansi wa leo akisema 'monsoon' hakusudii upepo tu wala mvua tu, bali mfumo mzima wa hewa unaogeuka pamoja na majira. Kwa hivyo, wanasema, tuchukue neno geni, tulipe tahajia yetu, lisimame peke yake.

Jibu langu ni kwamba istilahi si lazima iwe neno moja. Vitabu vyetu vina 'pepo za msimu', istilahi nzuri iliyokubalika, na ukiitazama ni tafsiri inayorudisha maana ya asili: pepo za wakati uliotiwa alama. Anayezungumzia mfumo mzima na aseme 'mfumo wa pepo za msimu'. Anayezungumzia Bahari ya Hindi upande wetu ana kaskazi na kusi, maneno yanayobainisha zaidi kuliko hilo la Kiingereza, maana 'monsoon' peke yake haisemi upepo unatoka wapi. Kuleta 'monsuni' ni kumtuma mtoto wetu Lisbon, Amsterdam na London, kisha arudi nyumbani amebadilishwa jina, nasi tumkaribishe kama mgeni huku ndugu yake akitazama.

Nakubali kuna mahali 'pepo za msimu' haitoshi. Mwanahabari anayeripoti mafuriko ya Pakistan, kama yale ya mwaka 2022 yaliyoua zaidi ya watu 1,700, hawezi kuandika kwamba pepo za msimu zilinyesha. Hapo aandike 'mvua za msimu'. Asiandike 'mvua za masika', kama nilivyowahi kusikia redioni, kwa sababu masika ni yetu, ya Machi hadi Mei, na msikilizaji wa Kilifi akiambiwa masika mwezi Agosti atachanganyikiwa.

Jambo hili la majina ya mvua ndilo linalonihangaisha kuliko 'monsuni', maana lina madhara ya moja kwa moja. Nchini Kenya mvua nyingi haiji pepo zikiwa zimesimama imara. Huja zinapobadilishana zamu. Masika hunyesha kaskazi inapoipisha kusi. Vuli hunyesha kusi inapoipisha kaskazi, kati ya Oktoba na Desemba. Ndiyo majina ya mvua hizo. Wakikuyu nao huzitaja kwa mimea: mbura ya njahĩ na mbura ya mwere. Lakini sikiliza matangazo: 'mvua ndefu' na 'mvua fupi'. Hiyo si tafsiri, ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mvua fupi kwa Mswahili ni manyunyu ya robo saa. Mkulima wa Kitui au Makueni, ambaye huitegemea vuli kuliko masika kwa sababu ndiyo inayoaminika zaidi upande wake, anaambiwa ajiandae kwa mvua fupi. Ajiandae vipi? Apande, au atafute mwavuli?

Hata neno 'msimu' lenyewe linahitaji kutumiwa kwa uangalifu hapa. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, maeneo ya kaskazini na mashariki ya nchi yalikosa mvua ya kutosha misimu 5 mfululizo, na mifugo wengi wakafa. Taarifa zilisema hivyo hivyo: misimu 5. Anayejua kwamba tuna misimu 2 ya mvua kwa mwaka alielewa kuwa ni miaka 2 na nusu. Aliyezoea msimu wa ligi au wa mahindi ya Trans Nzoia, unaokuja mara moja kwa mwaka, angeweza kabisa kuhesabu miaka 5. Lingeandikwa 'vuli 3 na masika 2', kila mtu angejua ni lini na ni mvua gani iliyokosekana, na mfugaji wa Isiolo angeweza kuihesabu kwa ng'ombe wake.